Fahamu: Je, mwenye steshenari Kirando alipie Microsoft 365?

Steshenari nyingi za Kirando, mwambao wa Ziwa Tanganyika wilayani Nkasi, kazi yake ni barua, vyeti na mihtasari ya vikao. Kwa kazi hizo, sioni sababu ya kulipia.

Januari 2025 kifurushi cha mtu mmoja kilipanda nchini Marekani kutoka dola 69.99 hadi 99.99 kwa mwaka. Kikubwa unachopata, mbali na Word na Excel, ni terabaiti 1 ya kuhifadhi mafaili mtandaoni. Kuijaza kunataka bando, na bando ni hela nyingine. Gigabaiti 15 za bure za Google zinatosha barua za miaka.

Kibaya zaidi ni ada inapokatika. Word itafungua faili na kulichapa, lakini haitakuruhusu kurekebisha hata herufi moja. Mteja amesimama kaunta, jina limekosewa, printa imewaka, na huna la kufanya.

LibreOffice ni ya bure na hufanya kazi bila intaneti. Mpangilio wa waraka uliotoka Word huweza kuvurugika, hasa wenye majedwali, kwa hiyo mwombe mteja alete PDF kwenye flashi.

Ulinzi je? Defender imo tayari ndani ya Windows. Ila Windows 10 iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025. Ingia kwenye mipangilio, ujiandikishe kupata masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026. Ukisawazisha mipangilio yako kwa akaunti ya Microsoft, hulipi kitu. Fanya hivyo wiki hii.