Kilichomo Ndani ya Pilipili: Mboga za Kujaza Huko Meru na Embu

Ukilitaja jina la Meru katika baraza yoyote ya Mombasa, jawabu litakalokujia mbele ni miraa. Na ukilitaja la Embu, utajibiwa muguka. Majani haya mawili yametugombanisha vya kutosha. Mwezi wa Mei, mwaka 2024, serikali za kaunti za Mombasa na Kilifi ziliipiga muguka marufuku, wakulima wa Embu wakaja juu, na Mahakama Kuu ikaisimamisha marufuku ile. Shauri hilo silirejei hapa, kwani lina wenyewe wanaolilia na wenyewe wanaolichekelea. Ninalotaka kusimulia, msomaji wangu, ni habari ya vile vitu vingine vinavyoshuka kutoka mlimani kuja kwetu, ambavyo hakuna aliyewahi kuvigombania, na jinsi vinavyopikwa na watu wetu walioko huko huko vinakolimwa.

Viazi vya Kibirichia na Timau, kabeji, karoti, vitunguu: haya yote hupakiwa malori yakateremka hadi Kongowea, na mama wa Kisauni akainunua kabeji yake asijue imetoka mlima gani. Na katika miji ya huko juu mna Waislamu wasemao Kiswahili, tena hawakwenda jana wala juzi. Serikali ya kikoloni iliweka boma Embu mwaka 1906, na Meru mwaka 1908 chini ya yule Edward Horne ambaye Wameru walimbandika jina la Kangangi. Nyuma ya maboma yale walifuata askari, wapagazi, wachuuzi na mafundi, na wengi wao walikuwa ni watu wa swala na Kiswahili. Hiyo ndiyo asili ya mitaa ya Majengo unayoikuta katika miji mingi ya bara, Meru na Embu zikiwamo. Baadaye wakaongezeka wengine kwa ndoa, kwa ualimu na kwa kazi za ofisini, maana Embu ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki mpaka mikoa ilipozipisha kaunti mwaka 2013.

Sasa mwanamke wa Pwani aolewapo huko hupanda na bizari zake, na mbuzi yake ya kukunia nazi, na mapishi ya mama yake. Ile mbuzi aghalabu hukaa bure, kwa kuwa nazi ikifika Meru huwa imekwisha kujilipia nauli ya basi. Bizari hudumu. Mapishi ndiyo yenye mtihani, na katika mapishi yote sijui lililo na mtihani mkubwa kushinda mboga za kujaza.

Msomaji atasema hizo si ngeni. Kweli, si ngeni. Waarabu huziita mahshi, maana yake kilichojazwa. Waturuki huziita dolma, na neno hilo nalo latokana na kitenzi chao cha kujaa. Jirani zetu Wagujarati wana bharela, vile vibilingani vidogo vilivyopasuliwa msalaba na kutiwa unga wa dengu, njugu zilizosagwa, dania na bizari, kikonyo kikaachwa kisiachane na tunda. Waturuki pia wanalo bilingani lao la vitunguu na nyanya, jina lake Imam Bayıldı, yaani imamu kazimia. Wako wasemao alizimia kwa utamu, na wako wasemao alizimia alipoambiwa mafuta yaliyotumika. Mimi niko pamoja na hawa wa pili.

Kwetu Pwani mkono ulikuwa mmoja: kima. Pilipili boga tulijaza kima, kiazi tulijaza kima, bilingani tulijaza kima, na hata katlesi zenyewe ukizitazama ni kima iliyofunikwa shuka la viazi. Hapa nitie neno la lugha. Sokoni Embu ukiuliza pilipili boga huenda wakakutazama tu. Wao huita hoho. Nawe uliyesoma kamusi za zamani utashituka, kwa sababu humo pilipili hoho ni ile ikuchomayo mpaka ukatokwa na machozi. Usishituke. Ielekeze kwa kidole, utapewa ile nene isiyo ukali, tena kubwa na imara kuliko hizi zinazotufikia sisi zikiwa zimenyauka.

Mtihani wa kwanza ni wa maji. Mombasa tuko kando ya bahari, na maji yetu huchemka kwa nyuzi 100. Mji wa Meru uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwa nyuzi 95 hivi, hayapandi zaidi ya hapo hata ukikoka moto wa tanuri. Ukikwea kuelekea Timau hupungua tena. Basi mwali wetu hufuata kipimo cha nyumbani: mchele mbichi aliouosha, kima mbichi, vyote akavichanganya akajaza, akafunika sufuria, akahesabu dakika alizofunzwa. Akifunua, pilipili imelainika mpaka imelala ubavu, na mchele ulio ndani bado walia mchanga kwenye meno. Huko ndiko wengi wanakokata tamaa, wakasema mboga za bara hazijazwi. Aibu si ya mboga. Ni kwamba mvuke wa huko una joto pungufu, na wali ulio tumboni mwa pilipili hupikwa na mvuke, si na moto.

Dawa yake ni kuivisha mjazo nusu safari kabla ya kuutia. Mchele wa Mwea uko karibu, ni mwendo mfupi kutoka Embu, na ile pishori yao yenye harufu ni hodari kwa kazi hii iwapo utaichemsha mpaka ukiiminya punje kwa vidole imebaki kiini kidogo tu katikati. Chuja. Kima uikaange mbali na kitunguu, thomu, tangawizi, bizari nyembamba na pilipili manga mpaka maji yake yakauke, kisha utie kotmiri na kamulio la ndimu, halafu ndipo uuchanganye na wali. Robo kilo ya kima kwa pilipili nane inatosha, wali ukiwa ndio mwingi. Mama mkwe akiuliza, “Mwanangu, nyama imekwenda wapi?” mwambie imo, ila imetawanyika.

Kujaza kwenyewe kuna adabu yake. Kata kifuniko pamoja na kikonyo, kiweke kando kila kimoja na mwenzake kwa sababu vifuniko haviazimani, toa mbegu na zile kuta nyeupe za ndani, pakaza chumvi. Jaza hadi kiasi cha kidole kutoka ukingoni, wala usishindilie. Neno kushindilia ni la gunia. Mchele uliobakiwa na kiini utafura, na ukikosa pa kufuria utaipasua pilipili mbavuni. Zipange zimesimama, zibanane kama watu ndani ya matatu ya jioni, maana nafasi ndiyo inayoziangusha. Mchuzi wa nyanya uliokwisha kukolea uumimine pembeni, ufike nusu ya kimo chao. Kisha funika, moto mdogo chini, na makaa machache upalie juu ya kifuniko, kama tufanyavyo wali. Kupalia huko ndiko kunakofidia zile nyuzi tano zilizopotea, kwa sababu joto la makaa ya juu halingoji maji yachemke. Mwenye jiko la gesi asiyeweza kupalia na aongeze muda, na autazame mchuzi usikauke.

Kiazi kina habari nyingine. Kile kinachoitwa Shangi, ambacho ndicho kilichotapakaa nchini siku hizi, huiva upesi na kulainika upesi, sifa njema kwa katlesi na balaa kwa kujaza. Ukitaka kukichimba tumbo, kichague kikubwa, kimenye, kichimbe kingali kibichi kwa kijiko chembamba, ukikaange juujuu kipate ngozi ndipo ukijaze. Ukikichemsha kwanza kitakuvunjikia mkononi. Makombo ya kuchimbua yasitupwe; huo ndio uzito wa mchuzi.

Nafika kwenye lile lililonifanya niandike. Mboga ya kujaza ni chakula chenye siri. Wali unauona, samaki unamwona, na mukimo wa jirani zetu wa mlimani, ingawa umepondwa, bado wajitangaza wenyewe: hii mahindi, hii maharagwe, hili jani. Lakini pilipili iliyofunikwa kifuniko chake haisemi kitu mpaka uikate. Mlaji humwamini mpishi kwanza, akala baadaye. Pwani, ambako jirani wa kushoto na wa kulia wote ni wamoja, jambo hilo halimsumbui mtu. Meru na Embu Waislamu ni wachache kati ya wengi, na mualiko huenda na kurudi kuvuka uzio kila wiki: leo harusi, kesho matanga, keshokutwa mtoto kapasi mtihani.

Ni haki kusema kwamba shida si kubwa kama baadhi ya watu wetu wanavyoikuza. Kenya imezoea kwa miaka mingi mchinjaji awe Mwislamu, hata katika miji ya bara ambako wanunuzi wengi ni Wakristo, na jirani wa Kimeru au wa Kiembu anayewaheshimu wageni wake humwita Mwislamu aje achinje mbuzi wa karamu. Hata hivyo shaka huingia pasipo na mtu wa kuuliza, na kumuuliza mwenye nyumba mbele ya wageni yaliyomo ndani ya chakula chake ni kumvua nguo. Nao upande wa pili wana shaka zao. Yuko Msabato asiyekula nguruwe kama sisi, yuko aliyeacha nyama kabisa, yuko mzee asiyezipenda bizari zetu akaona aibu kusema.

Ndengu ndiyo iliyokuja kusuluhisha. Huko Mbeere na Tharaka, upande wa chini ulio mkavu, ndengu hulimwa kwa wingi. Zilowekwe usiku kucha, zichemshwe mpaka ziive lakini zisipondeke, kisha zikaangwe kwa kitunguu, nyanya, thomu na bizari zile zile za kima, na zichanganywe na wali nusu kwa nusu. Zikajazwe katika pilipili, au katika majani ya kabeji yaliyotiwa maji ya moto yakalegea, ule mshipa wa katikati ukachongwa, yakakunjwa kama bahasha. Na pale ambapo tungetia tui, twanga makadamia. Mti wake asili yake ni Australia, lakini umestawi Embu na Meru kana kwamba ulizaliwa huko. Kokwa zake zina mafuta mengi, na zikilainishwa kwa maji ya vuguvugu huupa mchuzi unene. Si tui, wala nisimdanganye mtu. Ni kitu chake mbali, na kwangu mimi kinapatana na ndengu kuliko tui.

Najua watakaoniambia kwamba pilipili isiyo na kima si pilipili ya Kiswahili. Nawauliza, pilipili yenyewe, na nyanya, na kiazi, si vyote vimevuka bahari kutoka Amerika? Kima ina haki gani ya kudai uenyeji? Kilicho chetu ni mkono: bizari zilizopimwa, ndimu iliyokuja mwisho, makaa yaliyopaliwa. Mwanamke wa Majengo anayemjazia jirani yake ndengu hajaacha mapishi ya mama yake. Anayeyaacha ni huyu wetu wa Mombasa anayeletewa kabeji na viazi mlangoni, akavikaanga vibanzi kila jioni kwa sababu kujaza kunamchelewesha.

Walio hodari hupika aina mbili katika sufuria mbili, moja ya kima na moja ya ndengu, na hutofautisha kwa kikonyo. Za ndengu huachiwa kikonyo kirefu juu ya kifuniko, za kima hukatwa kikonyo hadi shinani, na upawa hauchanganywi. Mwenye nyumba hulitangaza hilo mara moja tu wakati sinia linapotua, kwa sauti ya kawaida kama anayetaja bei ya sukari, na kila mgeni hujichagulia asiulizwe kwa nini. Zikibaki, za ndengu hulala vizuri zaidi, na asubuhi huliwa baridi kwa chapati na chai ya maziwa.