Utomvu wa mnyaa si dawa ya macho

Nimeulizwa tena, safari hii mnadani Misungwi: ile kakati adimu ya jangwani inayosafisha macho iko mlima gani? Haipo. Misungwi hakuna jangwa, na mti mnaoukata matawi na kuukingia chupa kule mwambani si dungusi kakati. Ukoo wa dungusi asili yake ni Amerika. Ni spishi moja tu, Rhipsalis baccifera, ambayo ni ya asili porini Afrika, tena ikining'inia juu ya miti misituni.

Mnachokata ni jamii ya mnyaa. Vunja kitawi, maziwa meupe yatachuruzika papo hapo. Dungusi kwa kawaida hutoa ute usio na rangi. Maziwa hayo ndiyo silaha ya mmea, na hubabua hata ngozi ya mkono. Yakiingia jichoni huunguza konea: kwanza mwasho na machozi, saa chache baadaye jicho limevimba na ukungu umetanda, na kidonda kikiingiwa na vijidudu, upofu unaweza kuwa wa kudumu. Anayekwambia machozi yale ni uchafu unaotoka anakudanganya. Jicho linaungua.

“Mbona bibi alitumia akapona?” Macho mekundu mengi hupona yenyewe kwa siku chache. Bibi alipona licha ya utomvu. Wengine wameutia kwenye jino bovu, wakaishia na vidonda vya fizi. Tena maabara zimeonyesha kwamba utomvu wa mnyaa, Euphorbia tirucalli, huamsha virusi vya Epstein-Barr, vile vile vinavyohusishwa na saratani ya Burkitt inayowapata watoto wa ukanda huu wa Ziwa. Na bado unauzwa kwa chupa!

Mwenye kutafuta mmea adimu wa kweli, upo ndugu wa mnyaa, Euphorbia tanaensis wa msitu wa Witu, Lamu, ulioorodheshwa mwaka 2012 miongoni mwa spishi 100 zilizo hatarini zaidi duniani. Unamalizwa na wakata miti na mashamba.

Utomvu ukikuingia jichoni, osha kwa maji safi mengi dakika 15 kisha nenda hospitali, usingoje asubuhi. Ukipogoa uzio wa minyaa, vaa miwani na waondoe watoto. Mnaopasua kokoto kwenye miamba yenye mimea hii, kateni vipandikizi kwanza, vikauke kidonda kivulini siku kadhaa, mpande kwingine. Mmea uliong'olewa porini msinunue. Kuuvusha mpaka kunahitaji kibali cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini.

Wenyeviti wa vijiji, nawaomba: chupa hizo ziondoeni mnadani.