Mwenye nyumba na mlango wa kikao cha bodi: Sheria yasemaje?

UPEPO wa kusi uvumapo, majumba mengi ya ufuoni kuanzia Mambrui, Malindi na Watamu hadi Kilifi na Vipingo hubaki mikononi mwa walinzi na watunza bustani. Wenyewe wako Nairobi, Italia au nchi za Ghuba.

Hata hivyo, bodi zinazosimamia majumba hayo hazikomi kukutana. Ni katika vikao hivyo ambapo hukatwa shauri la kupandisha ada ya huduma, kubadilisha kampuni ya ulinzi, kuchimba kisima kipya baada ya maji ya kile cha zamani kuingia chumvi, au kuujenga upya ukuta uliolambwa na mawimbi.

Tuseme mwalimu mstaafu amenunua fleti Watamu kwa akiba yake ya uzeeni. Siku moja anapokea barua inayomtaka alipe Sh150,000 za ukuta wa bahari katika muda wa siku 30. Anafunga safari kwenda kuuliza, lakini mlangoni anazuiwa kwa maneno ya upole: "Samahani mzee, hiki ni kikao cha bodi."

Je, mzee huyo amedhulumiwa? Jibu linategemea jambo moja ambalo wanunuzi wengi hawalichunguzi wanapotia sahihi: chombo kinachosimamia makao yao kimesajiliwa chini ya sheria ipi?

Nchini Kenya vyombo hivyo huwa vya aina tatu.

Aina ya kwanza ni kampuni. Kwa miaka mingi, aliyenunua fleti aghalabu alipewa mkataba wa ukodishaji wa muda mrefu pamoja na hisa katika kampuni ya usimamizi. Mtu huyo ni mwanahisa, wala si mkurugenzi.

Chini ya Sheria ya Makampuni ya 2015, mwanahisa ana haki ya kualikwa katika mkutano mkuu, kusema na kupiga kura, au kumtuma wakala amwakilishe. Kikao cha bodi ni cha wakurugenzi. Mwanahisa akikaribishwa humo, huwa ni kwa hisani yao au kwa sababu katiba ya kampuni imeruhusu.

Kuna mtego mwingine hapa. Sheria hiyo inazilazimisha kampuni za umma kufanya mkutano mkuu kila mwaka, lakini haizibani kampuni za binafsi vivyo hivyo. Iwapo katiba ya kampuni haitaji mkutano wa kila mwaka, wenye nyumba wanaweza kukaa muda mrefu bila kuitwa kamwe.

Dawa ya mtego huo imo katika sheria iyo hiyo. Wanachama wenye angalau asilimia 10 ya haki za kura wanaweza kuitaka bodi, kwa maandishi, iitishe mkutano mkuu. Wakurugenzi wakikaidi, wanachama hao wanaweza kuuitisha wenyewe. Kwa hivyo, katika jumba la fleti 40 zenye kura sawa, majirani wanne wanatosha kuanzisha jambo hilo.

Aina ya pili ni shirika la wenye nyumba linaloundwa chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020. Sheria hiyo ilianza kutumika Desemba 28, 2020, ikachukua nafasi ya ile ya 1987.

Chini yake, kila fleti huwa na hatimiliki yake, na kila mwenye fleti huwa mwanachama wa shirika papo hapo. Uanachama hufuata umiliki, si uraia wala ukaaji. Mwitaliano ajaye Malindi mara moja kwa mwaka na mkazi wa kudumu wote ni wanachama.

Wenye nyumba ndio wanaoichagua bodi katika mkutano mkuu, na bodi huendesha shughuli kwa mujibu wa kanuni za ndani za shirika. Kwa hivyo, swali la nani aruhusiwe kuketi katika kikao cha bodi hujibiwa kwanza na kanuni hizo. Zikiwa kimya, mwenye nyumba hana msingi imara wa kuudai mlango ufunguliwe.

Aina ya tatu ni chama cha wakazi kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama. Hapa sheria inataka mkutano mkuu angalau mara moja kwa mwaka, wanachama wote waalikwe, na hesabu za fedha ziwekwe mbele yao. Vikao vya kamati hufuata katiba ya chama.

Mambo si hivyo kila mahali. Katika jimbo la California, Marekani, mwenye nyumba anaruhusiwa kisheria kuhudhuria vikao vya bodi, na kwa kawaida tangazo hutolewa siku nne kabla. Bodi hujifungia tu inapojadili mambo kama vile kesi, mikataba, nidhamu ya mwanachama au masuala ya wafanyakazi. Jimboni Florida, tangazo la kikao cha kawaida hubandikwa saa 48 kabla.

Mgawanyo huo una busara. Hakuna apendaye deni lake la ada lisomwe mbele ya majirani, wala si vyema mlinzi ajadiliwe hadharani kabla hajajitetea. Lakini zabuni ya ukuta ikishatolewa, bei yake haina sababu ya kuwa siri kwa wanaoilipia.

Wenye nyumba wa Pwani hawana haja ya kusubiri Bunge ili wapate utaratibu kama huo. Wanaweza kupendekeza katika mkutano mkuu kwamba katiba au kanuni zao zibadilishwe, ili wanachama waruhusiwe kusikiliza vikao vya bodi isipokuwa katika mambo ya faragha yaliyotajwa, na ili maamuzi yote ya fedha yatumwe kwa kila mwenye nyumba.

Wakati wa mkutano nao una uzito wake. Mkutano ukiitishwa katikati ya kusi huenda ukakosa akidi, au ukaamuliwa na wachache. Tangu sheria ilipofanyiwa mabadiliko mnamo 2021, kampuni zinaweza kufanya mikutano mikuu kupitia mtandao, hivyo umbali si kisingizio tena.

Na yule mwalimu wetu je? Asigombane na mlinzi mlangoni. Aandike barua akiomba hesabu za fedha na nakala ya uamuzi uliozaa deni lile, kisha awatafute majirani wa kutosha ili waitishe mkutano mkuu. Ikiwa makao yake yako chini ya sheria ya 2020, ipo nafasi ya kamati ya ndani ya kusuluhisha mizozo. Yakishindikana yote, Mahakama ya Mazingira na Ardhi inaketi papo hapo Malindi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Asiyeruhusiwa kuketi na bodi bado ana haki ya kuuliza daftari limeandikwa nini.