Zeze la Kusini

Mtanzania akitajiwa zeze, fikra zake hukimbilia Dodoma. Sababu ipo. Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki mwaka 2003, alilipandisha zeze jukwaani, akalifundisha Bagamoyo, akalisikilizisha Ulaya. Kusini nako kukapewa alama yake, ngoma ya sindimba, ambayo jukwaa la taifa liliipenda tangu miaka ya 1960. Tangu hapo Mgogo ana zeze, Mmakonde ana ngoma na kinyago, na kila mtu karidhika. Mgawo huo ulifaa kupanga maonyesho. Kama historia ya muziki, haufai.

Ng'ambo ya Ruvuma, kaskazini mwa Msumbiji, lipo zeze la uzi mmoja liitwalo chakare, lenye kisanduku kidogo cha sauti kilichowambwa ngozi ya kenge. Wapigaji wake ni Wamakua na majirani zao, ndugu wa hawahawa wanaoishi Lupaso, Masasi na Newala. Mpaka wa mto ule waliafikiana Wajerumani na Wareno mwaka 1886. Kabla ya hapo ulikuwa mto tu, na hata baada ya hapo watu waliendelea kuuvuka kuoa, kulima na kutafuta kibarua kwenye mashamba ya mkonge. Chombo chepesi kinachobebwa begani hakiwezi kukwama ukingoni wakati mwenyewe amevuka.

Atauliza mtu: mbona basi waliorekodi hawakulivumisha? Mtafiti Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala mwaka 1906 akiwa na kinasa sauti cha nta, na huko Masasi alimpiga picha Sulila, mwimbaji kipofu. Lakini mgeni wa namna hiyo hufuata kelele, na ngoma humwita kutoka mbali. Zeze ni la mtu mmoja na wasikilizaji wachache. Kuadimika kwake kwenye kumbukumbu kunatueleza masikio ya warekodi zaidi ya mikono ya wapigaji.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mazeze ya namna hii yana undugu na rababu ya Waarabu, kwa hiyo si ya asili. Undugu huo sina haja ya kuukataa. Fidla ilizaliwa Italia, ila Waskoti wakaitia mkato wao: katika dansi ya strathspey, inayobeba jina la bonde la mto Spey, noti fupi huirukia ndefu kwa kukatwa na upinde. Visiwani Shetland fidla hiyohiyo huvumisha nyuzi mbili pamoja, kwa athari ya Norwe. Karibu zaidi na sisi, endingidi, zeze la Buganda, haina umri mkubwa kupita mwanzo wa karne ya 20, na hakuna Mganda anayeiona ngeni.

Siri iko kwenye vidole. Uzi wa zeze umeachana na mti wake, kwa hiyo kidole hugusa uzi hewani, na sauti huteleza kama ya koo la mtu. Mpigaji huimba huku akilifuatisha, na Kimakua, kama Kimakonde na Kigogo, ni lugha ya toni: neno likipanda, uzi nao hupanda. Umbo la chombo laweza kusafiri kutoka popote. Wimbo wake hutoka kwenye lugha ya anayekishika.

Kwa hiyo anayeitafuta historia ya zeze Masasi asianzie Dodoma. Aanzie Lisbon, ziliko filamu na sauti alizonasa mtafiti Margot Dias kwa Wamakonde wa Msumbiji kati ya 1958 na 1961, kisha azipeleke Lupaso na Newala, wazee wazisikilize.