Hesabu ya Sentensi: Utafiti wa Joachim Lambek na Sarufi ya Kiswahili

Utangulizi

Yapo maswali ya sarufi ambayo mwanaisimu huyazoea hata akasahau kuwa ni maswali. Mojawapo ni hili: je, "ameanguka" ni kitenzi kinachohitaji kiima, au ni sentensi iliyokamilika? Swali hilo linatazamwa hapa kwa kupitia kazi ya Joachim Lambek (1922-2014), mwanahisabati aliyeonyesha kwamba sarufi inaweza kukokotolewa kama aljebra.

Maisha na Utafiti

Lambek alizaliwa Leipzig, Ujerumani. Mwaka 1938 alikimbilia Uingereza. Vita vilipozuka aliwekwa kizuizini kama raia wa nchi adui, kisha akapelekwa katika kambi ya kazi huko New Brunswick, Kanada. Ni humo kambini alikoanza kufunzwa hisabati na mfungwa mwenzake, Fritz Rothberger. Alipoachiwa mwaka 1942 alijiunga na Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1950 na uprofesa kamili mwaka 1963.

Utafiti wake wa awali ulihusu aljebra, hususan ringi na moduli, na kitabu chake cha mwaka 1966 juu ya mada hiyo kilitumika sana. Mwaka wa masomo wa 1965-66, akiwa Zurich, aligeukia nadharia ya kategoria. Nadharia hiyo haichunguzi undani wa vitu, bali mishale inayoviunganisha: ukiwapo mshale kutoka A hadi B, na mwingine kutoka B hadi C, lazima uwepo wa kutoka A hadi C. Lambek alitambua kwamba uthibitisho wa kimantiki nao ni mshale, kutoka dhana zilizokubaliwa hadi hitimisho. Wazo hilo lilipevuka katika kitabu alichoandika na Philip Scott mwaka 1986.

Hesabu ya Sentensi

Hata hivyo, makala yake inayowagusa zaidi wanaisimu ilitangulia hayo yote. Mwaka 1958, akiendeleza mawazo ya Ajdukiewicz na Bar-Hillel, Lambek alipendekeza kwamba kila neno lipewe aina. Nomino iwe J, sentensi iwe S. Kitenzi si elekezi, kisicho na yambwa, huwa J\S, yaani kitu kinachosubiri J upande wake wa kushoto ili kiwe S. Vivyo hivyo, S/J husubiri J upande wa kulia.

Chukua "Mtoto huyu ameanguka". "Mtoto" ni J. Kwa kuwa kivumishi cha Kiswahili hufuata nomino, "huyu" ni J\J. "Ameanguka" ni J\S. J na J\J hutoa J. J hiyo pamoja na J\S hutoa S. Uchanganuzi umekuwa ukokotoaji, na kila hatua yake ni mshale.

Kiswahili katika Hesabu Hiyo

Ugumu huanza pale "Ameanguka" inaposimama peke yake, nayo ni sentensi sahihi. Yapo masuluhisho mawili. La kwanza ni kushikilia J\S na kudai kwamba ipo nomino isiyotamkwa. La pili ni kusema kwamba kiambishi a- ndicho kiima chenyewe, hivyo "ameanguka" ni S, na "mtoto" ni nyongeza yenye aina S/S.

Suluhisho la pili linavutia, kwani hueleza pia "Ameanguka mtoto": nyongeza imehamia kulia tu, ikawa S\S. Suluhisho la kwanza hulazimika kukipa kitenzi hichohicho aina nyingine, S/J. Lakini lipo la kulipa. Ikiwa "kitabu" nacho ni S/S, hesabu itaipitisha "Kitabu ameanguka", ambayo kila mzungumzaji huikataa. Ili kuizuia, S yenyewe lazima ibebe alama ya ngeli, jambo ambalo katika suluhisho la kwanza hubebwa na J pekee. Kwa hiyo upatanisho wa kisarufi hauwezi kuachwa kama pambo la mofolojia. Huingia katika kiini cha sintaksia, njia yoyote itakayochaguliwa.

Hitimisho

Lambek mwenyewe hakuishia kwenye Kiingereza. Katika miaka ya 1970 alichunguza mnyambuliko wa vitenzi vya Kifaransa na Kilatini, na baada ya kurahisisha mfumo wake mwaka 1999, yeye na wenzake waliutumia kwa lugha kadhaa, Kiarabu kikiwamo. Hesabu yake haimwamulii mwanasarufi wa Kiswahili kama a- ni kiima au ni kipatanishi tu. Humtaka aseme waziwazi anachagua nini, kisha humwonyesha gharama ya uchaguzi huo. Kwa lugha ambayo neno moja huweza kuwa sentensi nzima, hiyo si faida ndogo.