Mvuvi Anayerudisha Samaki Majini

Wahenga walisema mvuvi ajua pweza alipo. Ujuzi huo ndio mali yake, nao ndio umpao chakula. Lakini yuko mvuvi wa namna nyingine, ambaye kazi yake ni kuwaongoza wenziwe: huwapeleka mtoni, huwaonyesha samaki alikojificha, na wakiisha kumpata huwataka wamrudishe majini akiwa hai. Leo twapenda kuyachungua mawazo ya mtu wa namna hiyo, maana ndani yake mna jambo limhusulo kila mfanyakazi.

Bwana Lee Wulff alizaliwa Alaska mwaka 1905. Alisomea uhandisi, lakini maisha yake aliyatoa kwa mito. Katika miaka ya 1940 na 1950 aliendesha kambi za wavuvi katika kisiwa cha Newfoundland, akarusha mwenyewe ndege yake ndogo, na kuwaongoza wageni waliokwenda kuvua samoni kwa nzi wa bandia. Chambo cha uvuvi huu ni nyoya na uzi, vilivyofungwa juu ya ndoana hata vikafanana na mdudu. Ni chepesi mno, hakitupiki chenyewe; uzito umo katika mshipi, na mvuvi hana budi kujifunza kuurusha kwa utaratibu. Mwenye pupa hapati kitu.

Katika kitabu alichokitoa mwaka 1939, Wulff alitoa hoja kwamba samaki aliyekwisha kumfurahisha mvuvi mmoja yafaa aachwe aishi, ili na mwingine apate kumvua.

Twajua wapo watakaosema kwamba huo ni mchezo wa matajiri. Baba mwenye watoto wenye njaa amwachilieje samaki? Swali hilo ni la haki, wala hatulikwepi. Avuaye ili ale, na ale, hana lawama. Lakini na tumtazame mwongozi kama mfanyakazi. Ujira wake watoka kwa samaki aliye hai. Aliyeuawa leo amemlipa siku moja. Aliyerudishwa aweza kumlipa tena msimu ujao. Hivyo huruma yake ni hesabu pia, na faida yake na faida ya mto ni kitu kimoja.

Tena kurudisha si kutupa. Ndoana na isiwe na kijino, mikono ilowe maji kwanza ili utelezi wa samaki usibanduke, naye ashikwe akielekea mkondo mpaka apate nguvu za kuondoka mwenyewe. Arudishwaye kwa uzembe hufa mbali na macho ya mvuvi, na mvuvi huenda nyumbani akijisifu bure.

Kisiwa hicho cha Newfoundland kimetoa fundisho chungu. Kwa karne nyingi watu wake waliishi kwa kuvua chewa wa bahari ya baridi. Zikaja meli kubwa zenye nyavu kubwa, zikawazoa samaki bila kiasi. Mwaka 1992, mwaka mmoja baada ya Wulff kufariki, serikali ya Kanada iliufunga uvuvi huo, na watu wapatao 30,000 wakapoteza kazi. Wenye mashua ndogo hawakuwa na meli hizo, lakini hasara iliwaangukia wao. Ilipita miaka 32 kabla marufuku hiyo haijaondolewa rasmi mwaka 2024, na uvuvi ukaruhusiwa kwa kipimo kidogo.

Hata kwetu hekima hii si ngeni. Kanuni imkatazayo mvuvi wa Ziwa Victoria kuchukua sangara asiyefikia sentimita 50 yatokana na fikira ileile: aliye mdogo aachwe azae. Lakini kanuni haina macho kila mahali. Katika mto wa mbali hapana askari wala mkaguzi. Yupo mvuvi, samaki, na dhamiri. Mwongozi mwema humfundisha mgeni wake kuwa mkaguzi wa nafsi yake.

Ndugu zetu wavuvi, akiba haiozi. Nasi twasema akiba iliyo bora ni ile iogeleayo.