Dirisha la Kuzungusha: Hewa Iingie, Mbu Abaki Nje

Saa nane za usiku mvua ya masika inaanza kupiga, na upepo unaisukuma mpaka kitandani. Unaamka gizani kufunga dirisha. Kama ni lile la zamani la bawaba, linalofunguka kwa nje, kazi ina hatua: ufungue fremu ya wavu, upenyeze mkono kati ya nondo, upapase ndoano, uvute kioo. Ukirudi kulala mkono umelowa, na mbu watatu wameshapata nafasi yao.

Kero hiyo ni sababu mojawapo iliyowafanya wengi mijini wahamie madirisha ya aluminiamu ya kusukuma. Kioo kinateleza kwenye reli, wavu nao unateleza kwenye reli yake, na hakuna kutoa mkono nje. Ni raha, lakini raha hiyo ina bei ambayo haiandikwi kwenye risiti: dirisha la kusukuma la vioo viwili haliwezi kufunguka zaidi ya nusu, kwa kuwa kioo kimoja lazima kijifiche nyuma ya kingine.

Ipo njia nyingine ambayo mafundi wetu hawaitaji mara kwa mara. Ni dirisha la bawaba linaloendeshwa kwa hendeli ya kuzungusha kutoka ndani, aina iliyozoeleka sana katika nyumba za Marekani na Kanada. Wao walilipenda kwa sababu ya baridi. Sisi wa pwani tuna sababu zetu, na nadhani ni nzito kuliko zao.

Tuanze na linavyofanya kazi. Hendeli ndogo hukaa upande wa ndani, chini ya fremu. Ukiizungusha inageuza skrubu nene, skrubu inasukuma meno ya gia, na gia inasogeza mkono wa chuma. Ncha ya mkono huo inateleza katika reli fupi iliyofungwa kwenye ubawa wa dirisha, yaani kile kipande chenye kioo kinachofunguka. Kwa anayezungusha, ni kazi ileile ya kushusha kioo cha gari la zamani. Uzuri uko kwenye ile skrubu: yenyewe inaweza kuisukuma gia, lakini gia haina nguvu ya kuirudisha skrubu nyuma. Kwa hiyo popote unapoacha kuzungusha, ubawa unabaki hapohapo. Huhitaji ndoano wala kipande cha tofali cha kuuzuia usijipigize.

Sasa hewa. Chukua dirisha la upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 1.2. Eneo lake ni mita za mraba 1.8. Likiwa la kusukuma, uwazi wake hauzidi mita za mraba 0.9, na ukitoa unene wa fremu unapungua tena. Likiwa la bawaba lenye mbawa mbili, karibu uwazi wote ni wako. Halafu kumbuka kwamba wavu nao unazuia sehemu ya upepo. Mwenye dirisha la kusukuma anakatwa mara mbili: kwanza nusu ya uwazi, kisha sehemu ya nusu iliyobaki. Ndiyo maana chumba kinaweza kuwa na dirisha kubwa la kupendeza na bado ukalala unatiririka jasho. Kwenye joto lenye unyevu kama la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, kinachotupoza ni hewa inayopita juu ya ngozi na kukausha jasho. Ikisimama, feni ndiyo inayobaki kututetea.

Lakini uwazi mkubwa ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili wavuvi wanaijua bila kufundishwa na msanifu majengo: upepo haukamatwi kwa kusubiriwa, hutegewa tanga. Ubawa uliofunguliwa nje ya ukuta ni tanga.

Chukua chumba kinachotazama bahari upande wa mashariki. Simama ndani ukiitazama bahari: upepo wa kusi unatoka kuliani kwako, wa kaskazi kushotoni. Mara nyingi pepo hizi haziugongi ukuta uso kwa uso, zinapita zikiuambaa. Dirisha la kusukuma halina cha kuzizuia, hivyo sehemu kubwa ya upepo inakwenda zake. Ubawa wenye bawaba upande wa kushoto unasimama katika njia ya kusi, unaupiga kona na kuuingiza ndani. Ubawa wenye bawaba upande wa kulia unafanya hivyohivyo msimu wa kaskazi. Dirisha la mbawa mbili, basi, lina tanga la kila msimu. Wakati wa kusi fungua wa kushoto mpaka mwisho na ule wa kulia uuache umefungwa au wazi kidogo, maana ukiutanua utakukinga upepo uleule unaoutafuta. Kaskazi ikiingia, geuza. Hendeli inakuwezesha kutafuta pembe inayofaa, kama nahodha anavyolegeza au kukaza kamba, bila kugusa wavu.

Kutogusa wavu ndiko kunakolitofautisha dirisha hili na bawaba za kawaida. Kwa kuwa ubawa unakwenda nje, wavu unafungwa upande wa ndani na unaweza kukaa pale mwaka mzima. Utautoa siku ya kuuosha tu. Wavu unaofunguliwa na kufungwa kila asubuhi na jioni huchoka pembeni, hupinda, huacha mwanya, na mwanya wa kidole kimoja kwa mbu ni geti. Faida ya nyumba kuzibwa vizuri imepimwa. Huko Gambia, watafiti waliweka wavu kwenye milango na madirisha na kuziba nafasi kati ya ukuta na paa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 katika jarida la Lancet yalionyesha kwamba upungufu wa damu uliwapata asilimia 12 ya watoto wa nyumba hizo, wakati katika nyumba zisizowekewa kitu ulikuwa asilimia 19. Chandarua kinamlinda aliyelala ndani yake. Wavu wa dirisha unamlinda hata mtoto anayefanya kazi za shule sebuleni saa mbili usiku.

Dirisha likifungwa, tofauti nyingine inajitokeza. Komeo la pembeni huuvuta ubawa mpaka ukabana mpira uliozunguka fremu pande zote nne. Upepo wa mvua ukiusukuma kutoka nje, mpira unazidi kubanwa. Dirisha la kusukuma haliwezi kubana hivyo, kwa sababu kitu kinachoteleza lazima kiachiwe nafasi ya kuteleza. Nafasi hiyo huzibwa kwa brashi laini. Maji hukusanyika kwenye reli, na vitundu vya kuyatoa vikizibwa na vumbi yanamwagikia ndani. Mwenye kiyoyozi naye anahusika: ubaridi unaotoroka kwenye brashi ni uniti za umeme wa LUKU zinazotoroka.

Kwa jiko na bafu kuna ndugu yake, lenye bawaba juu na hendeli chini. Likifunguliwa linakuwa kama kipaa kidogo, hivyo mvua ya rasharasha haiingii na mvuke unatoka. Juu ya sinki hasa, ambapo mikono haifiki kirahisi, hendeli inamsaidia mtu mfupi, mjamzito au mzee.

Mazuri hayo yana masharti. La kwanza ni grili. Ubawa unaofunguka kwa nje hauelewani na grili ya nje iliyobanana na ukuta. Weka nondo upande wa ndani na umwambie fundi aache nafasi ya hendeli kuzunguka. Hapo hapo fikiria moto. Kanuni za ujenzi wa nyumba za kuishi nchini Marekani zinataka chumba cha kulala kiwe na njia ya dharura ya kutokea, na dirisha linalotumika hivyo liwe na uwazi wa angalau mita za mraba 0.53, upana wa sentimita 51 na kimo cha sentimita 61. Ubawa wa bawaba hufikia kipimo hicho kirahisi, lakini nondo zilizochomelewa moja kwa moja hukifuta. Grili ya chumba cha kulala iwe na kilango chenye kitasa cha kufunguliwa kutoka ndani.

La pili ni chumvi ya bahari. Gia na mikono ya chuma cha kawaida hushika kutu mapema ufukweni. Dai chuma kisichoshika kutu, na kwa nyumba iliyo karibu na maji kile cha daraja la 316 ndicho cha kutafuta. Vioshe vyuma hivyo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha vipake grisi. Hendeli ikikaza usiilazimishe: angalia kwanza kama komeo limefunguliwa, kwa maana meno mengi ya gia huliwa na mikono yenye haraka.

La tatu ni nafasi. Ubawa ulio wazi juu ya njia ya miguu au barazani utampasua mtu kichwa. Na usiagize ubawa mpana sana, kwani uzito wote unaning'inia kwenye bawaba za upande mmoja. Uwe mrefu kuliko ulivyo mpana. Upepo mkali ukianza kuvuma, ufunge mapema, maana tanga lililoachwa wazi kwenye dhoruba huvunja mlingoti.

Bei yake iko juu kuliko ya dirisha la kusukuma, na vipuri si vya kila duka. Kabla ya kulipia, omba uonyeshwe gia ya akiba, na ikiwezekana nunua mbili ukaziweke kabatini. Huna haja ya kubadili nyumba nzima. Tafuta chumba kimoja cha kulala kilicho upande wa upepo, ubadilishe dirisha hilo, upitishe kusi moja na kaskazi moja. Usimwulize fundi dirisha lina ukubwa gani. Mwulize likifunguliwa, wavu ukiwa mahali pake, uwazi unaobaki ni kiasi gani. Kisha subiri mvua ya saa nane usiku, uone kama utahitaji hata kuwasha taa.